Anzia Kwenye Orodha ya Mishahara: Mwongozo wa Kujifunza Kutokana na Makosa Kazini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaosimamia wenzao katika sehemu za kazi za kawaida nchini Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na kuendelea hadi Kakamega na Bungoma: vyama vya ushirika vya maziwa, vituo vya mafuta, hoteli, maduka ya jumla, zahanati, gereji na viwanda vidogo. Wengi wao wamekwisha kuwaambia wafanyakazi, tena kwa nia njema, kwamba mtu akikosea aje aseme mapema. Wafanyakazi wamesikia, wameitikia kwa heshima, kisha wameendelea kuficha. Hawafichi kwa sababu ni waongo. Wanaficha kwa sababu wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi: aliyesema mwezi uliopita alikatwa mshahara, na aliyenyamaza hakuulizwa neno.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikutana na jambo hili katika miaka ya 1990 alipokuwa akichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache, lakini takwimu zikaonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wauguzi wa wodi hizo hawakuwa wakikosea kuliko wenzao, bali walikuwa huru kuyataja makosa yao, ilhali kwingine yalizikwa kimya. Mwaka 1999 alichapisha utafiti kuhusu vikundi 51 vya kazi katika kampuni moja ya viwanda, akaonyesha kwamba vikundi vinavyojifunza zaidi ni vile ambavyo watu wake wanaamini hawataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kutilia shaka au kukiri kosa. Imani hiyo ndiyo inayoitwa usalama wa kisaikolojia. Kwa maoni yangu, hapa kwetu imani hiyo haitajengwa kwa semina wala kwa mabango ukutani kabla ya msimamizi kushughulikia kwanza kile ambacho mfanyakazi hupoteza anaposema ukweli.

Hatua ya kwanza: Pima gharama ya kusema

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, chukua orodha ya mishahara ya mwaka mmoja uliopita pamoja na faili la barua za onyo, ukae peke yako au na mhasibu wako, na uandike kila mara mfanyakazi alipokatwa pesa kwa ajili ya hasara. Andika hasara ilikuwa gani, nani aliigundua na mhusika alisema mwenyewe au alikamatwa. Jambo la kutazama kwa makini ni hili: je, aliyesema mwenyewe alitendewa tofauti na aliyekamatwa? Katika sehemu nyingi za kazi jibu ni hapana, na mara nyingine aliyesema ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa hasara yake ilijulikana yote.

Fikiria mhudumu wa pampu katika kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret ambaye, kwa haraka ya msongamano wa jioni, ametia dizeli kwenye gari linalotumia petroli. Akisema papo hapo, kabla dereva hajawasha injini, gari litasukumwa kando, tangi litatolewa mafuta, na hasara itakuwa mafuta yenyewe na muda wa fundi. Akinyamaza, gari litaondoka, litazimika mbele ya safari, na kituo kitadaiwa gharama za matengenezo na kupoteza mteja. Kinachotenganisha hasara hizo mbili ni dakika chache za ujasiri wa kijana mmoja, na kijana huyo anajua kwamba mafuta yaliyopotea yatakatwa kwenye mshahara wake akisema, ilhali akinyamaza huenda dereva asikumbuke alitia mafuta wapi. Ndivyo ilivyo pia kwa keshia aliyetuma pesa kwa simu kwa nambari isiyo sahihi: akisema mara moja, kuna nafasi ya kuomba muamala urudishwe kabla mpokeaji hajazitoa, akisubiri hadi jioni akitumaini kuziba pengo mwenyewe, nafasi hiyo inapotea.

Sheria nayo ina neno hapa, na wasimamizi wengi hawajalisoma. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kutokana na uzembe wa makusudi wa mfanyakazi. Kinaruhusu pia kukata upungufu wa pesa taslimu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Makato yote kwa wakati mmoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Sahani iliyoteleza mkononi mwa mhudumu wa hoteli ya samaki kule Dunga si uzembe wa makusudi, na ni vigumu kuona ni kwa haki gani mhudumu huyo alipe bili ya mteja aliyekula akatoroka. Desturi ya kukata kila kitu imezoeleka kiasi kwamba hata wanaokatwa huiona kuwa sheria, nayo si sheria.

Kwa hiyo, toa uamuzi na uuandike. Tenga fungu dogo la hasara katika bajeti ya kila mwezi, uweke wazi kwamba hasara isiyo ya makusudi iliyoripotiwa katika zamu ileile haitakatwa kwenye mshahara wa mtu, na usome uamuzi huo mbele ya wafanyakazi wote ukiwa umetiwa sahihi na mwenye biashara au na kamati ya chama. Ikiwa mwenye biashara hakubali, usiendelee na hatua zinazofuata hadi akubali, kwa sababu utakuwa unawaalika watu waseme maneno yatakayotumiwa dhidi yao mwisho wa mwezi. Mwonyeshe hesabu ya gari lile la petroli, kwani wenye biashara huelewa hesabu upesi kuliko mawaidha.

Hatua ya pili: Chora mpaka kati ya kosa na utovu wa nidhamu

Baadhi ya wasimamizi huogopa kwamba wakiacha kuadhibu, kazi itaharibika. Hofu hiyo ina msingi ikiwa mpaka haujachorwa. Kuna makosa ya kazi inayojulikana vyema, kama vile kusahau kufunga valvu au kuandika kipimo kisicho sahihi. Haya hupunguzwa kwa mafunzo, orodha za ukaguzi na mapumziko ya kutosha. Kuna yale yanayotokana na mambo mengi kukutana kwa wakati mmoja, ambapo hakuna mtu mmoja aliyeharibu. Kuna pia majaribio ya nia njema ambayo hayakufaulu, kama kuoka mkate wa aina mpya ambao soko la Kakamega halikuupokea, na haya yanafaa kupongezwa mradi yalifanywa kwa kiwango kidogo na kwa mpango. Mbali na hayo yote kuna wizi, ulevi kazini, kughushi rekodi na kupuuza kwa makusudi taratibu za usalama, ambayo si makosa ya kujifunzia bali ni mambo ya nidhamu.

Unapokuwa huna hakika tukio liko upande gani, jiulize swali moja: mfanyakazi mwingine mwenye mafunzo kama hayo, akiwekwa katika zamu ileile, kwa vifaa vilevile na uchovu uleule, angeweza kufanya vivyo hivyo? Ikiwa ndiyo, kumwadhibu huyu hakutamzuia yule atakayeshika zamu kesho. Ikiwa sivyo, na jambo limefika kwenye nidhamu, kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu katika lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua. Kikao cha nidhamu na kikao cha kujifunza visichanganywe kamwe. Mtu akiitwa kujifunza kisha akakabidhiwa barua ya onyo, hutapata ukweli wake tena, wala wa wenzake waliomwona akitoka na barua hiyo.

Uamuzi wa kuficha uwekewe uzito wake. Kosa lililosemwa halina adhabu. Kosa lilelile likifichwa kwa makusudi linahamia upande wa nidhamu. Sharti hilo ni la haki tu pale ambapo hatua ya kwanza imetimizwa.

Hatua ya tatu: Badilisha namna unavyouliza na unavyopokea

Msimamizi akimaliza maelezo ya asubuhi na kuuliza, "Kuna swali?" hujibiwa kwa kimya, na kimya hicho hakimaanishi kwamba kila kitu kiko sawa. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kutikisa kichwa: "Jana ni kitu gani kilikaribia kutuharibikia?" au "Leo mnaona wapi tunaweza kukwama?" Mwanzoni lijibu wewe mwenyewe kwa kutaja jambo ulilolikosea wewe katika wiki hiyo, kwa ufupi na bila kujipamba, kwa kuwa wafanyakazi wanatazama kwanza kama bosi naye ana kosa.

Heshima kwa wakubwa ni jambo jema ambalo hatupaswi kulivunja, lakini inabidi tulipangie njia. Katika gereji ambayo fundi mkuu ni mzee wa miaka sitini, kijana anayejifunza kazi hawezi kumwambia mbele ya watu kwamba amesahau kukaza nati za gurudumu. Hatasema, hata akiona. Dawa yake ni kufanya ukaguzi kuwa sehemu ya kazi yenyewe: kila gari kabla ya kutoka lisomewe orodha kwa sauti na kijana, na mzee ajibu kipengele kwa kipengele. Hapo kijana hamkosoi mzee, anatekeleza utaratibu, na mzee hajavunjiwa heshima. Vikaoni, wadogo waanze kuzungumza na wakubwa wafuate, msimamizi akiwa wa mwisho, kwa sababu mzee akishatoa kauli hakuna atakayempinga.

Hili si la kwetu peke yetu. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye uwanja wa Tenerife katika visiwa vya Kanari, na watu 583 wakafa. Ndani ya ndege iliyokuwa ikianza kuruka katika ukungu, mhandisi wa safari aliuliza kama ndege ile nyingine haikuwa bado kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu, mtu aliyeheshimiwa sana katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imekwisha kutoka, na hakuna aliyeuliza tena. Miaka iliyofuata, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wadogo namna ya kusisitiza shaka yao, na marubani wakuu namna ya kuisikiliza.

Kupokea habari mbaya ni ufundi unaohitaji mazoezi. Sekunde chache za kwanza baada ya mtu kusema ndizo zitakazoamua kama atarudi siku nyingine. Andaa maneno yako mapema, yawe mafupi: "Asante kwa kuniambia mapema. Sasa tuzuie isienee, mengine tutayazungumza baadaye." Usiulize "Ulikuwa unafikiria nini?" wala usiite watu waje kuona. Waswahili husema mkubwa ni jalala, na kwa msimamizi hiyo ni sehemu ya kazi anayolipwa kuifanya: kupokea yanayotupwa kwake bila kuyarusha kwa aliyeyaleta.

Hatua ya nne: Chambua tukio katika siku tatu

Baada ya tukio kutulizwa, itisha kikao kifupi kisichozidi saa moja, ndani ya siku tatu, watu wakiwa bado wanakumbuka. Kiendesheni kwa Kiswahili hata kama wengi wenu mnaelewana kwa Kijaluo, Kikuyu, Kikalenjin au Kiluhya, kwa sababu mtu mmoja asiyeelewa lugha ya kikao atanyamaza, na huenda ndiye aliyekuwa zamu. Waite waliokuwepo, si wenye vyeo tu. Mlinzi, dereva na mfagiaji huona mambo ambayo ofisi haiyaoni.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha ushirika cha maziwa upande wa Molo. Maziwa ya jioni yalihifadhiwa kwenye tangi la kupoza ambalo linapaswa kuyashusha hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Asubuhi, dereva wa lori la mnunuzi alipoyapima kwa alkoholi yaliganda, akayakataa yote. Kwa desturi tuliyoizoea, kikao kingeanza kwa kuuliza nani alikuwa zamu, opareta angetajwa, angeandikiwa barua, na kufikia saa nne suala lingekuwa limefungwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwezi uliofuata maziwa yangechacha tena.

Badala yake, andikeni ubaoni saa na tukio, moja baada ya jingine, bila kutaja sababu. Saa tano usiku umeme ulikatika. Saa tano na nusu jenereta lilikuwa bado halijawashwa. Saa kumi na moja alfajiri opareta alifika na kuliwasha. Baada ya hapo ulizeni kwa nini, na kila jibu lizae swali jingine. Kwa nini jenereta halikuwashwa? Kwa sababu usiku kulikuwa na mlinzi peke yake, na dizeli ilikuwa ndani ya stoo iliyofungwa. Kwa nini ilifungiwa? Kwa sababu iliwahi kuibwa, na ufunguo ukapewa karani anayelala mjini. Kwa nini mlinzi hakupiga simu? Hapo ndipo msimamizi anatakiwa kunyamaza na kusubiri, kwa sababu jibu la kwanza litakuwa "nilidhani umeme utarudi," na jibu hilo si la kweli lote. Akisubiri kwa upole, mlinzi ataeleza kwamba miezi kadhaa nyuma alimpigia meneja simu usiku wa manane, umeme ukarudi kabla meneja hajavaa viatu, naye akakemewa mbele ya wenzake kwa kumsumbua mkubwa bure.

Ukifika hapo umepata chanzo ambacho barua ya onyo isingekifikia kamwe. Chama kilimfundisha mlinzi kunyamaza, kikafaulu. Marekebisho yake ni ya bei ndogo: mtungi wa dizeli uwekwe kwenye kijisanduku chenye kufuli karibu na jenereta na mlinzi awe na ufunguo, mlinzi afundishwe kuliwasha, joto la tangi lisomwe na kuandikwa kila baada ya saa mbili, na meneja mwenyewe atamke mbele ya wote kwamba simu ya usiku haitakuwa kosa hata ikiwa haikuhitajika.

Tahadhari moja kuhusu maswali haya ya "kwa nini". Yakiulizwa kwa ukali hugeuka kuwa mahojiano ya polisi na kuishia kwenye jina la mtu. Jibu likiwa ni jina, rudini nyuma hatua moja mwulize ni kitu gani kilimfanya mtu huyo aone uamuzi wake kuwa sawa wakati ule.

Hatua ya tano: Mrudishie aliyesema jibu

Kila kikao kitoe marekebisho machache, ikiwezekana mawili tu, kila moja likiwa na mtu wake na tarehe yake. Kisha nenda kwa aliyesema umwambie kilichofanyika, hata kama jibu ni kwamba pendekezo lake halikuwezekana na sababu yake ni hii. Watu huvumilia kukataliwa kuliko kupuuzwa.

Hatua ya sita: Watafute ambao hawatasema hata ukiwaomba

Kibarua anayeitwa kwa siku na kulipwa jioni hana sababu ya kuamini ahadi yako, kwa kuwa kesho unaweza kutomwita bila kueleza. Ukitaka akuambie kwamba ngazi ya ghala imelegea, mhakikishie siku zake za kazi kwanza, na umpe mtu mmoja anayemfahamu wa kumweleza.

Jambo la pili ni gumu kulitaja, lakini linaua uaminifu kuliko yote. Wafanyakazi wanajua ni makosa ya nani yanayosamehewa. Ikiwa mpwa wa mwenye biashara alivunja mashine na mambo yakaishia kwa kicheko, na mtu wa kabila jingine akavunja glasi akakatwa mshahara, hakuna kikao kitakachowashawishi wengine waseme. Rudi kwenye ile orodha ya makato ya hatua ya kwanza uisome tena kwa jicho hilo, ukitafuta kama waliokatwa na waliosamehewa wanafuata ukoo au kabila. Ukiona hivyo, sahihisha hadharani.

Unyanyasaji wa kijinsia usiingizwe katika utaratibu huu. Si kosa la kujadiliwa ubaoni. Unahitaji njia yake ya siri na mtu wa kuushughulikia anayeaminiwa na wanawake wa mahali hapo.

Kwa hatari za mwili, sheria inakwenda mbele ya hiari yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa msingi wa haki kwamba ni hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi mahali hapo kabla ya kuirekebisha. Sehemu yenye wafanyakazi 20 au zaidi inatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Ajali iliyosababisha kifo hutolewa taarifa kwa afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ikafuata ndani ya siku saba.

Hatua ya saba: Jiandae kwa makosa kuongezeka

Miezi ya kwanza makosa yanayoripotiwa yatapanda, na kamati ya chama au mwenye biashara atashtuka akidhani kazi imeharibika mikononi mwako. Waeleze mapema kabisa, kabla ya kuanza, kwamba watayaona hayo na kwamba yalikuwepo siku zote. Usiweke lengo la kupunguza idadi ya ripoti, wala usitoe zawadi kwa idara isiyo na kosa hata moja, kwa sababu utakuwa umeilipa kwa kunyamaza.

Pima kitu kingine. Katika daftari la matukio weka safu mbili za saa: saa ambayo jambo lilitokea na saa ambayo msimamizi aliambiwa. Kila mwisho wa mwezi linganisha muda uliopita kati ya saa hizo mbili, zamu kwa zamu. Zamu ambayo muda huo unarefuka, au ambayo kurasa zake hazina kitu kabisa, itembelee wewe mwenyewe wiki hiyohiyo, ukae nao wakati wa chai, na uanze kwa kuuliza ni nani kati yao aliyewahi kusema jambo na nini kilimpata baada ya kusema.